Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mchezo wa Chesi Ulioisha Sare

Wanachama wawili wa klabu yetu ya chesi hapa Kampala, mmoja mwalimu wa hisabati aliyekulia Mbale na mwingine fundi cherehani mwenye kibanda katika soko la Owino, walicheza kwa saa tatu na nusu, wakafika hatua ya 62, na mwishowe kila mmoja akaandikiwa nusu pointi. Tangu siku hiyo maswali hayajakoma. Mengine yanatoka kwa wachezaji wapya, mengine kwa wazazi waliokuwa wameketi pembeni wakisubiri watoto wao, na moja, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, lilitoka kwa mzee ambaye maisha yake yote amecheza omweso, mchezo wetu wa jadi wa ubao wenye mashimo. Majibu yameandikwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha mezani, sisi tuliotoka Busia, Arua na Mbale pamoja na ndugu waliovuka kutoka Kongo.

Mwalimu alicheza kete nyeupe na hapa anaitwa Mweupe. Fundi alicheza kete nyeusi na anaitwa Mweusi. Kete ni mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi, na wale wanane wa mstari wa mbele tunaowaita askari. Kila nafasi ya ubao inatajwa kwa herufi ya safu yake, a hadi h, na namba ya mstari wake, 1 hadi 8 kuanzia upande wa Mweupe. Wanaouita mchezo huu sataranji wanazungumzia mchezo uleule.

Nani alishinda?

Hakuna aliyeshinda. Jibu hili huwaudhi wengi, na ndiyo sababu yapo maswali mengine yote yanayofuata.

Mchezo uliishaje hasa?

Kufikia hatua ya 56, kete zote zilikuwa zimeliwa isipokuwa tatu. Mfalme mweupe alikuwa d5, askari wake pekee alikuwa nyuma yake kwenye d4, na mfalme mweusi alikuwa peke yake d7, akiwatazama ana kwa ana. Ilikuwa zamu ya Mweupe. Askari huyo angefika mstari wa nane angegeuka malkia, na hapo Mweusi angeweza tu kukunja karatasi yake na kutoa mkono.

Mweupe alihamisha mfalme c5, na Mweusi akamfuata c7. Mweupe akasogeza askari d5, Mweusi akarudi d7. Askari akaenda d6. Hapa ndipo mchezo wote ulipokuwa unaning'inia, kwa kuwa Mweusi alikuwa na nafasi kadhaa za kuhamia lakini moja tu ndiyo iliyomwokoa. Alifikiri kwa dakika tisa, akarudi nyuma moja kwa moja hadi d8. Mweupe akaja c6, Mweusi akaenda c8. Askari akasogea d7 akimtishia mfalme, mfalme akarudi d8, na Mweupe, ambaye angemwacha askari wake aliwe kama asingemlinda, akaleta mfalme d6.

Tazama sasa mfalme mweusi pale d8. Hatishiwi na kete yoyote, lakini hana pa kwenda. Nafasi za c8 na e8 zinalindwa na askari, c7 na e7 zinalindwa na mfalme mweupe, na askari aliye d7 haliki kwa kuwa mfalme wake amesimama nyuma yake. Ni zamu ya Mweusi, na hana hatua halali hata moja. Hali hiyo tunaiita mkwamo, na kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Chesi, FIDE, mkwamo ni sare papo hapo.

Katika omweso, asiye na pa kuhama ameshindwa. Kwa nini chesi inampa nusu pointi mtu aliyefungiwa kila mlango?

Hili ndilo swali la mzee, na halikuwa la mzaha. Ubao wa omweso una mashimo 32 na kete 64, na mchezaji asiyebaki na shimo hata moja lenye kete mbili au zaidi hawezi kuanza kuzungusha, kwa hiyo amekwisha. Kwa mtu aliyelelewa na kanuni hiyo chini ya mwembe, kumwona fundi akiwa hana hatua halafu akitabasamu ni jambo la kuudhi kweli.

Tofauti imo katika shabaha ya mchezo wenyewe. Omweso unashindania uwezo wa kuendelea kucheza. Anayemnyima mwenzake uwezo huo amemaliza kazi. Chesi inashindania jambo jingine, nalo ni kumtishia mfalme kwa namna ambayo hawezi kukimbia, kukinga wala kumla anayemtishia; huko ndiko kumfunga mfalme. Aliyemzingira mfalme bila kumtishia amejenga boma kuzunguka nyumba bila kuingia ndani. Hata hivyo mzee hakuwa peke yake katika malalamiko yake, kwani wachezaji wa zamani wenyewe hawakukubaliana juu ya jambo hili. Uingereza katika karne ya 17 na ya 18 ilikuwa na kanuni ya ajabu zaidi, kwamba anayesababisha mkwamo ndiye anayehesabiwa kuwa ameshindwa. Kwa kanuni ile mwalimu wetu angekwenda nyumbani bila kitu. Mimi naona sare ni hukumu ya haki zaidi, ingawa mzee alipoelezwa haya alitikisa kichwa tu na kusema kwamba Waingereza angalau walikuwa wamethubutu kuamua.

Mweupe alikuwa na askari mmoja zaidi. Alikosea wapi?

Katika hatua zile sita za mwisho hakukosea popote, na hilo ni gumu kulieleza kwa mtu anayehesabu kete tu. Wafalme wawili wanapotazamana huku nafasi moja ikibaki katikati yao, anayelazimika kuhama kwanza ndiye anayepoteza ukuu wa kiwanja. Kwenye d5 na d7, zamu ilikuwa ya Mweupe. Ingekuwa zamu ya Mweusi, mambo yangegeuka kabisa: fundi angelazimika kupisha upande mmoja, mfalme mweupe angepenya kwa upande wa pili, na askari angesindikizwa hadi d8 bila kuguswa.

Kwa hiyo alichokosa Mweupe ni hatua moja ya akiba, yaani hatua isiyobadilisha kitu, ambayo angeicheza ili zamu imwangukie mwenzake. Kama askari wake angekuwa d3 badala ya d4, huku wafalme wakiwa palepale, angemsogeza d4 na kushinda. Na hapa kuna jambo ambalo lilitufanya tucheke tulipolichambua baadaye tukinywa chai: askari huyo alifika d4 katika hatua ya 2, dakika ya kwanza ya mchezo, kama wanavyocheza maelfu ya watu kila siku, na hakusogea tena hadi hatua ya 58. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kumlaumu mtu kwa hatua ya 2.

Lawama ya kweli, kama lazima iwepo, iko kwenye hatua ya 48, ambapo Mweupe alikubali kubadilishana askari wa mwisho wa upande wa malkia. Askari yule wa pembeni, hata kama asingefika popote, angempa ile hatua ya akiba. Mwalimu mwenyewe anasema kwamba aliona akibaki na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu ameshinda, na kwamba wanafunzi wake wakimjibu mtihani kwa haraka namna hiyo huwaandikia wekundu.

Je, Mweusi aliokoka kwa bahati?

Hapana. Pale askari alipofika d6, kama fundi angerudi c8, mfalme mweupe angekuja c6, naye angelazimika kwenda d8. Askari angesogea d7 kimyakimya, bila kumtishia mfalme, na Mweusi angebaki na hatua moja tu, e7. Baada ya hapo Mweupe anaenda c7 na askari anageuka malkia bila pingamizi. Kurudi e8 kunaleta msiba uleule. Tofauti kati ya d8 na c8 ni nafasi moja ya ubao, na ndiyo tofauti kati ya nusu pointi na sifuri. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba anayejitetea arudi moja kwa moja mbele ya askari, ili mfalme wa adui anaposogea kulia au kushoto yeye aweze kumkabili uso kwa uso.

Fundi alijifunza nafasi hii miaka kadhaa iliyopita kwa kuipanga juu ya meza yake ya kushonea, kwa vifungo vya nguo. Dakika zile tisa, kwa maelezo yake, hakuwa anatafuta hatua. Alikuwa anahakikisha kwamba kumbukumbu yake haimdanganyi.

Mchezo ulionekana kulingana tangu mwanzo. Kwa nini?

Kwa sababu ya ufunguzi waliouchagua. Mweupe alianza kwa e4, Mweusi akajibu e6, wakafuatisha d4 na d5, kisha Mweupe akabadilishana askari kwenye d5. Huu ni Ufunguzi wa Kifaransa kwa njia ya mabadilishano, na baada ya hatua ya 3 askari wa pande zote mbili wamepangwa sawasawa kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, huku safu ya e ikiwa wazi. Kawaida ngome zote hukimbilia safu hiyo na kuliana zenyewe kwa zenyewe, kama zilivyofanya hapa kati ya hatua ya 17 na ya 24. Wapo wanaoudharau ufunguzi huu kwa kusema ni wa waoga. Mimi sikubaliani nao. Ulinganifu wa kete hauzuii kosa, unalichelewesha tu.

Mbali na mkwamo, mchezo unaweza kuisha sare kwa njia gani?

Njia inayojulikana zaidi ni makubaliano ya wachezaji wawili. Nyingine ni hali iliyokufa, ambamo haiwezekani kwa hatua zozote halali kumfunga mfalme yeyote, kwa mfano wafalme wawili peke yao, au mfalme na farasi mmoja dhidi ya mfalme mtupu. Hapo mchezo umeisha bila mtu kuomba.

Halafu kuna sare zinazodaiwa. Hali ileile ikitokea mara tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule na haki zote za kuhama zikiwa zilezile, mchezaji mwenye zamu anaweza kudai sare; mara hizo tatu si lazima zifuatane. Vilevile anaweza kudai iwapo kila upande umecheza hatua 50 bila askari yeyote kusogea wala kete kuliwa. Wengi klabuni hukosea utaratibu. Kama hatua utakayocheza sasa ndiyo itakayoleta hali hiyo kwa mara ya tatu, unaiandika kwenye karatasi bila kuicheza ubaoni, unasimamisha saa na kumwita mwamuzi. Ukidai kimakosa, mpinzani wako huongezewa dakika 2 na mchezo unaendelea. Hali ikijirudia mara tano, au hatua zikifika 75 kila upande, mwamuzi mwenyewe hutangaza sare, labda kama hatua ya mwisho imemfunga mfalme.

Kumtishia mfalme bila kikomo, ambako watu hukutaja kama njia ya pekee, hakumo kwenye kanuni kwa jina lake. Huishia kwenye kurudiwa kwa hali mara tatu au kwenye makubaliano.

Mweusi alipendekeza sare katika hatua ya 31 na Mweupe akakataa. Je, alimkosea adabu?

Hakumkosea. Kukataa ni haki yake, na tena hahitaji hata kufungua mdomo: akigusa kete kwa nia ya kuihamisha, amekwisha kukataa. Kilicho cha adabu ni namna ya kupendekeza. Unacheza hatua yako kwanza, unatamka pendekezo, ndipo unabonyeza saa. Kisha wote wawili wanaweka alama ya usawa kwenye karatasi. Pendekezo likishatolewa halirudishwi. Kumpigia mwenzako kelele za sare wakati anafikiri, kwa saa yake, ni kumsumbua, na mwamuzi anaweza kukuadhibu.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini alikataa. Alisema alikuwa na askofu mzuri kuliko farasi wa mwenzake, na kwamba hakuamka asubuhi yote ile kupanda teksi hadi klabuni ili acheze nusu mchezo.

Ingekuwaje kama saa ya mmoja wao ingekwisha katika hatua za mwisho?

Kama saa ya Mweusi ingekwisha, angeshindwa, kwa kuwa Mweupe alikuwa na askari anayeweza kugeuka malkia. Kama saa ya Mweupe ingekwisha, matokeo yangekuwa sare, kwa sababu mfalme mtupu hawezi kumfunga mtu kwa njia yoyote.

Sare iliathirije alama zao za nguvu?

Karibu hakuna kilichobadilika. Mfumo unaotumiwa na FIDE tangu mwaka 1970, uliobuniwa na profesa Arpad Elo, hulinganisha pointi ulizopata na zile ulizotarajiwa kupata. Watu wawili wenye alama sawa kila mmoja hutarajiwa kupata 0.5, kwa hiyo wakitoka sare mfumo unaona kilichotarajiwa kimetokea.

Mambo hubadilika pengo likiwepo. Aliye chini kwa alama 100 hutarajiwa kupata 0.36, akitoka sare amezidi matarajio kwa 0.14. Kwa mchezaji mzima wa kawaida ambaye kizidisho chake ni 20, hiyo ni faida ya alama 2.8, na mwenzake mwenye kizidisho hicho hicho hupoteza kiasi hicho hicho. Wanaoanza huwa na kizidisho cha 40 hadi wamalize michezo 30, ndiyo maana alama zao huruka kama panzi.

Je, hawa wawili hawakuwa wamepanga?

Mtu anayepanga sare hahangaiki hadi hatua ya 62. Sare za kupangwa zina sura yake. Kuna moja mashuhuri katika Utetezi wa Berlin, mojawapo ya njia za kuanza mchezo, ambayo wachezaji wanaijua kwa moyo: kufikia hatua ya 10 kete kadhaa zimekwisha kuliwa, kisha malkia mweupe anatembea kati ya d4 na e4, malkia mweusi kati ya d6 na e6, na katika hatua ya 14 hali imejirudia mara tatu. Kila hatua ni halali, na hakuna aliyetoa jasho. Ili kupambana na tabia hiyo, mashindano ya M-Tel Masters yaliyofanyika Sofia, Bulgaria, mwaka 2005 yalipiga marufuku wachezaji kupatana sare kwa maneno, na waandaaji wengine wameiga. Klabu yetu haijafika huko, ingawa kwa maoni yangu kuzuia mapendekezo kabla ya hatua ya 30 kungewafaa vijana wetu, kwa kuwa wanaopatana mapema hawafiki kamwe kwenye mfalme na askari, mahali wanapohitaji mafunzo zaidi.

Mabingwa wa dunia nao hutoka sare?

Tena kwa wingi. Karpov na Kasparov walianza mpambano wao Moscow mwezi Septemba 1984 kwa kanuni kwamba atakayeshinda michezo 6 ndiye bingwa. Ulisimamishwa Februari 1985 baada ya michezo 48, Karpov akiwa ameshinda 5, Kasparov 3, na 40 ikiwa sare. Mwaka 2018 mjini London, Carlsen na Caruana walicheza michezo 12 ya muda mrefu na yote ikaisha sare. Carlsen akautetea ubingwa wake kwa michezo mitatu ya kasi.

Mwanangu alipata sare shuleni akarudi akilia. Nimwambie nini?

Mwombe kwanza akuonyeshe karatasi ya hatua zake. Kama alikuwa nyuma kwa ngome nzima akajiokoa, anayestahili kulia ni yule mwingine.

Nusu pointi pia huhesabiwa inapofika kwenye mambo makubwa. Watoto wengi wanaokuja klabuni wamesikia habari za Phiona Mutesi wa Katwe, ambaye mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Chesi ya Istanbul, alipata taji la WCM (Woman Candidate Master), yaani mgombea ubingwa wa kike. Sharti lake lilikuwa kufikisha asilimia 50 ya pointi katika michezo isiyopungua saba. Katika hesabu ya namna hiyo, mtoto aliyekaa mezani na kuipigania nusu yake hatua kwa hatua anajua thamani yake kuliko sisi tunaomuuliza mlangoni kama ameshinda.

Ni nafasi gani nyingine za sare ambazo mchezaji wa klabu anapaswa kuzijua?

Anza na hii ya mfalme na askari hadi uweze kuicheza usiku umeme ukiwa umekatika. Baada yake jifunze utetezi wa Philidor, ambamo mwenye ngome peke yake dhidi ya ngome na askari huiweka ngome yake kwenye mstari wa tatu kutoka upande wake ili kumzuia mfalme wa adui. Askari akiingia mstari huo, ngome hukimbia hadi mwisho wa ubao na kumtishia mfalme kwa nyuma, ambaye sasa hana pa kujificha. Maaskofu wanaotembea rangi tofauti nao huokoa watu wengi waliopungukiwa na askari mmoja au hata wawili. Na kuna askari wa pembeni: mwenye askari wa safu ya a na askofu wa nafasi nyeusi hawezi kushinda ikiwa mfalme wa adui amewahi a8, kwa kuwa a8 ni nyeupe na askofu wake hataigusa milele.

Watarudiana lini?

Jumamosi ijayo, rangi zikibadilishwa. Fundi atacheza kete nyeupe, na tayari watu wanamuuliza kama askari wake wa d atamsogeza nafasi moja au mbili.